TUSISEME "NI UZEE TU" KABLA YA KUULIZA



Mwezi huu tunaanza na kosa letu sisi wenyewe. Katika mstari wa nyumba tunamokaa kuna muzee mmoja ambaye kila mtu anamjua kwa fimbo yake. Zamani hakuwa na fimbo. Alikuwa anatembea mpaka soko la Mahoko na kurudi, na mara nyingine Jumapili alifika Nyundo kusali kwenye kathedrali, kisha anarudi akiwa na habari kuliko redio.

Siku moja muzee aliamka akisema maneno yasiyoeleweka. Aliita majina ya watu wa Masisi waliokufa kitambo. Usiku alitaka kutoka nje, eti ng'ombe zimekosa mtu wa kuzirudisha. Mkwewe akaja kutuuliza. Nasi tukamjibu kama watu wenye akili: "Ni buzee tu, mama. Anarudi utoto. Mumuache apumzike." Siku ya pili tukasema vilevile. Siku ya tatu hakuweza kukaa, ndipo vijana wakambeba kwenye machela mpaka kituo cha afya.

Kumbe alikuwa na malaria, na mwili ulikuwa umekauka maji. Baada ya dawa na maji akili ilirudi yote. Alitujua kila mmoja kwa jina. Lakini nguvu za miguu hazikurudi zote, ndiyo maana leo ana fimbo na Mahoko haendi tena. Tulipokwenda kumsalimia alituambia neno moja tu: "Nilikuwa naona midomo yenu inasema. Mimi nilikuwa na kiu."

Tangu siku ile tumejiuliza: uzee ni nini hasa? Ni nini uzee unaleta, na ni nini ugonjwa unaleta, nasi tunausingizia uzee? Tumesoma, tumeuliza watu wa afya, tumekaa na wazee wenyewe. Haya ndiyo tuliyopata.

KUNA ELIMU YA UZEE

Wengi wetu hatukujua kwamba uzee una elimu yake, kama vile ualimu na ukunga. Inaitwa jerontolojia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1903 na Élie Metchnikoff, mtaalamu aliyezaliwa katika dola ya Urusi na kufanya kazi katika Taasisi ya Pasteur huko Paris. Elimu hii haichunguzi magonjwa peke yake. Inachunguza jinsi mwili, akili na maisha ya mtu katika jamii yanavyobadilika miaka inapopita.

Miaka sita baadaye, mwaka 1909, daktari wa New York aitwaye Ignatz Nascher alitoa jina la tiba ya wazee peke yake, kama vile watoto wanavyokuwa na tiba yao. Inasimuliwa kwamba alipokuwa bado mwanafunzi aliona mama mzee mgonjwa, akauliza ana shida gani. Mwalimu wake akajibu kwamba ana uzee. Na dawa yake? Hakuna. Nascher hakuridhika na jibu lile. Jamani, si ndilo jibu tulilompa mkwe wa muzee wetu?

Kisa kingine ni cha Uingereza. Mwaka 1935 daktari mmoja mwanamke, Marjory Warren, alikabidhiwa wadi zenye mamia ya wazee na wagonjwa wa muda mrefu waliolazwa tu vitandani kama mizigo, kwa kuwa watu waliona hawana la kufanyiwa. Yeye aliwapima mmoja mmoja. Akakuta wengi wana ugonjwa unaotibika, na wengine miguu ilikuwa imekakamaa kwa sababu ya kulala tu. Aliwainua, akawafanyisha mazoezi, na wengi wakaweza kurudi nyumbani. Hakuwa na dawa ya ajabu. Alifanya kile tulichokosa sisi kufanya: aliuliza kwanza.

Wataalamu wanasema mtu hana umri mmoja. Ana umri wa miaka, umri wa mwili, umri wa akili na umri wa kijamii. Tuupitie kila mmoja.

1. UMRI WA MIAKA

Huu ndio ule wa kwenye kadi. Umoja wa Mataifa na mashirika yanayohudumia wakimbizi kwa kawaida humhesabu mtu kuwa mzee akitimiza miaka 60. Lakini mstari huo umechorwa na watu. Ujerumani ilipoanza pensheni ya uzeeni mwaka 1889 ilichagua miaka 70, na mwaka 1916 ikashusha mpaka 65. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kulipa pensheni kwa wazee wote, ilichagua 70. Hakuna asubuhi ambayo mtu huamka akiwa mzee. Ila mstari una kazi yake: ndio unaoonyesha nani ahesabiwe wakati wa kupanga msaada.

Na hapo ndipo penye shida kwetu. Angalieni kadi zenu. Ni wangapi waliozaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza? Si kwamba wamama wote wa Masisi na Rutshuru walijifungua siku ya Bonane. Ni kwamba mtu hakujua tarehe, akaandikiwa ya kukisia. Kuna mama mmoja tunayemjua, kadi yake ilionyesha miaka 52, naye ana mtoto wa kwanza wa miaka 48. Aliulizwa siku ya kuandikwa akiwa amechoka, akataja mwaka wowote ili amalize. Kwa ajili ya mwaka ule alikuwa anapanga mstari na kubeba mzigo kama kijana, wakati wenzake wa rika moja wanatangulizwa.

Wakoko wetu hawahesabu kwa kalenda, wanahesabu kwa matukio. Basi kaeni nao jioni mkaulize: "Wakati wa jambo fulani, ulikuwa wapi? Ulikuwa unabebwa mgongoni, unachunga mbuzi, au umeshaolewa?" Haya hapa matukio ya kuwasaidia:

- 1938: moto wa mlima Nyamulagira unafika mpaka ziwa Kivu.
- 1952: Padri Aloys Bigirumwami anawekwa kuwa askofu, wa kwanza Mwafrika katika nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji, na kiti chake ni Nyundo.
- 1955: Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, yule waliyemwita Bwana Kitoko, anatembelea Kongo.
- 30 Juni 1960: uhuru wa Kongo.
- 1 Julai 1962: uhuru wa Rwanda na Burundi.
- 24 Novemba 1965: Mobutu anachukua utawala.
- 1967: pesa ya zaire inaanza kutumika Kongo mahali pa faranga.
- 27 Oktoba 1971: nchi ya Kongo inaitwa Zaire.
- 10 Januari 1977: Nyiragongo inapasuka, moto unakimbia kama maji.

Mtu aliyekuwa anachunga mbuzi, tuseme miaka 8, Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, amezaliwa karibu na mwaka 1952. Maana yake mwaka 2012 alikuwa ameshatimiza 60. Yule mama tuliyemtaja alikumbuka kwamba zaire ilipotoka, yeye alikuwa anatumwa dukani na kuhesabu chenji. Hesabu ikatoka wazi. Alikwenda kuomba kusahihishiwa akiwa na mwanawe na jirani wa kijiji kimoja kama mashahidi. Ilichukua muda na kurudi-rudi, lakini hakukata tamaa.

Hapa pia turekebishe jambo moja. Watu husikia kwamba "umri wa kuishi" katika nchi fulani ni miaka 56, wakadhani mtu akifika 56 amemaliza zamu yake. Hapana. Ile ni wastani. Chukueni watoto kumi: wawili wakifa wakiwa wachanga, na wanane wakaishi miaka 70 kila mmoja, wastani wao ni 56, ingawa hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na 56. Mababu zetu walikuwa na wazee wa kweli. Kilichoshusha wastani ni makaburi madogo.

2. UMRI WA MWILI

Wazee wawili wa miaka 68 wanaweza kuwa tofauti kabisa. Mmoja analima, mwingine hawezi kuinuka bila kushikwa. Umri wao wa miaka ni mmoja, ule wa mwili si mmoja. Kazi ngumu, njaa ya utotoni, uzazi wa karibu-karibu, moshi wa jikoni, vita na kukimbia, vyote vinaongeza umri wa mwili. Ndiyo maana tukiwa wakimbizi tunaona watu wa miaka 50 wakiwa na mwili wa 65.

Kuna mabadiliko ambayo kweli ni ya uzee, yanakuja polepole kwa karibu kila mtu:

- Kuanzia miaka 40 na kitu, macho yanashindwa kuona vitu vya karibu, kama kupitisha uzi kwenye sindano.
- Masikio yanapoteza kwanza sauti nyembamba. Koko anasikia sauti ya baba kuliko ya mtoto. Si dharau.
- Misuli inapungua. Mzee akilala wiki moja kitandani anapoteza nguvu nyingi kuliko kijana, na kuzirudisha ni kazi. Hicho ndicho kilichompata muzee wetu.
- Mifupa inakuwa myepesi, hasa kwa wamama baada ya hedhi kukoma. Kuanguka kidogo kunaweza kuvunja nyonga.
- Hamu ya maji inapungua. Mwili unakauka, naye haoni kiu mapema. Tukisubiri mzee aombe maji, tumechelewa.

Lakini haya yafuatayo si uzee, ni ugonjwa, na mengi yana dawa au msaada: kupofuka, kukohoa wiki mbili na zaidi, kukonda haraka, kuvimba miguu, kukosa pumzi, kujikojolea ghafla, maumivu yasiyoisha, mdomo au mkono wa upande mmoja kulegea. Huo wa mwisho ni dalili ya kiharusi, na hapo hakuna kungoja kesho.

Tutoe mfano wa macho. Bibi mmoja katika kambi yetu alikuwa anachagua maharage na kuacha mawe ndani. Watoto wakalalamika, akaondolewa kazi ya maharage. Kisha akamwaga uji, akaondolewa jikoni. Kisha akapita karibu na majirani bila kuwasalimia, wakasema ana majivuno. Mwishowe alikuwa anakaa peke yake nyuma ya nyumba, na watu wakasema amezeeka vibaya. Wapimaji wa macho walipopita walimkuta na mtoto wa jicho pande zote mbili. Huo ndio ugonjwa unaoongoza kwa kupofusha watu duniani, na unatibiwa kwa upasuaji ambao mara nyingi haufiki hata saa moja. Alipasuliwa jicho moja, kisha la pili. Siku aliyofunguliwa bandeji alimtazama mjukuu wake akasema: "Kumbe umeota ndevu!" Sasa maharage amerudishiwa, na anawakemea wengine kwa mawe.

3. UMRI WA AKILI

Mtu akizeeka, kukumbuka jina kunachukua muda mrefu, na kujifunza jambo jipya kunataka utulivu. Hilo ni la kawaida. Lakini maarifa ya maneno, ya watu na ya maisha hayapungui vile, tena kwa wengi yanaongezeka. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi.

Kuna hali tatu ambazo tunazichanganya na kuziita zote "kurudi utoto". Tuzitenganishe.

Ya kwanza ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya masaa au siku chache. Jana alikuwa mzima, leo hajui yuko wapi. Hii ni dharura. Mara nyingi kuna malaria, maambukizi ya mkojo au mapafu, kukauka maji, sukari kushuka, au dawa zilizogongana. Mpelekeni siku ileile. Hiki ndicho tulichokishindwa sisi.

Ya pili ni huzuni nzito. Mzee hali, halali, hataki kuongea, anasema "mimi nangoja kufa". Mtu aliyeacha nyumba, makaburi ya wazazi, mashamba na ng'ombe, kisha akafiwa na mwenzake ugenini, ana sababu ya kulia. Lakini huzuni ikizidi wiki mbili na kumzuia kula, ni ugonjwa, na wahudumu wa afya ya akili wanaweza kumsaidia. Tusimwache kwa kusema ni tabia ya wazee.

Ya tatu ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, unaokuja polepole kwa miezi na miaka. Anasahau moto jikoni, anapotea njia ya msala, anauliza swali lilelile mara kumi, anadai ameibiwa. Unaojulikana zaidi ni ule ulioelezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani Alois Alzheimer. Duniani kuna watu zaidi ya milioni 55 wenye ugonjwa wa namna hii. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Hata hivyo, huu nao ni ugonjwa wa ubongo. Si kila mzee anaupata. Tena si uchawi wala si laana. Mwenye ugonjwa huu anasaidika kwa kuongea naye polepole, kuweka vitu mahali pamoja kila siku, na kutobishana naye. Na yule anayemtunza, mara nyingi ni mkwe au mjukuu wa kike, naye apokelewe zamu. Kuchoka kwake si dhambi.

4. UMRI WA KIJAMII

Umri wa nne ni ule tunaopewa na watu. Msichana wa miaka 38 akipata mjukuu, anaitwa koko. Mkubwa wa kazi wa miaka 30 anaitwa muzee. Maneno yetu yana heshima ndani yake. Wenye lugha wanasema penye wazee haliharibiki neno.

Lakini heshima ya mdomo ni rahisi. Kambini mzee amepoteza vitu vilivyomfanya awe mzee: shamba la kugawa, ng'ombe za kutolea mahari, mti wa kukaa chini yake na kuamua kesi. Watoto wanajua Kinyarwanda cha shule na Kiingereza, yeye hajui. Simu wanaishika wao. Polepole tunamsemea, tunamwamulia, tunamjibia akiulizwa na daktari. Mwaka 1969 daktari wa Marekani Robert Butler aliipa tabia hii jina, ubaguzi wa umri, akaiweka pamoja na ubaguzi wa rangi na wa jinsia.

Ubaguzi huo unaweza kuua. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, Tanzania, miaka ya 1990 na 2000 wamama wengi wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi, na "ushahidi" mara nyingi ulikuwa macho yao mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi, maana walikuwa wamepikia familia zao kwa kuni na samadi maisha yao yote. Tuliposoma habari hizi tulinyamaza. Kambini kwetu pia tumesikia neno "mchawi" likitupwa kwa bibi anayekaa peke yake. Tuwe macho.

Sasa tazameni upande wa pili. Askofu Bigirumwami wa Nyundo, yule tuliyemtaja kwenye orodha, alitumia miaka mingi kukusanya methali, hadithi na desturi za Wanyarwanda na kuzitoa vitabuni. Aliacha uaskofu mwaka 1973, akafa mwaka 1986, lakini vitabu vyake bado vinasomwa. Na mambo yale yalitoka vinywani mwa watu wazima wa vijijini, wengi hawakujua kusoma. Kama angesema "ni maneno ya wazee tu", leo yangekuwa yamezikwa.

Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, HCR, mwaka 2000 lilipitisha mwongozo kuhusu wakimbizi wazee, na jambo kubwa ndani yake ni hili: mzee si mtu wa kupokea msaada tu, ni nguvu ya jamii yake. Hilo tunaliona. Ni wangapi kambini wanalelewa na koko kwa sababu baba na mama hawapo? Ni nani anajua mpaka wa shamba lenu kule nyumbani, ulipita kwenye mti gani? Siku ya kurudi tutamhitaji aliyeona.

NANI ANAMBEBA KOKO?

Kuna swali moja ambalo familia nyingi hazijalijibu. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ilipasuka na watu wa Goma wakakimbilia upande wa Rubavu usiku, wengi kwa miguu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Watu zaidi ya 130 walikufa, na Rubavu, ambako mto Sebeya unapita hapa Nyundo, ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia sana. Wengine wetu tumekimbia vita usiku, mara nyingi kuliko tunavyotaka kuhesabu.

Usiku kama ule, anayebaki ni yule asiyeweza kukimbia. Tunajua familia ambazo bado zinalia kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine amemshika bibi. Basi leo, kukiwa na amani, semeni: nani anamshika koko mkono? Nani anabeba dawa zake, miwani yake na kadi yake? Jirani gani kijana atasaidia? Na mzee mwenyewe aulizwe anavyotaka kubebwa. Anajua mwili wake.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Tumekusanya haya, hayahitaji pesa nyingi:

1. Kikombe cha maji asubuhi, mchana na jioni, hata asipoomba. Wazee wengine hawanywi kwa kuogopa kwenda msalani usiku gizani. Basi mpeni tochi na mtu wa kumsindikiza.
2. Angalieni sahani yake. Koko husema "nimeshiba" akampa mjukuu. Mpeni chakula chake akile mbele yenu, na kama meno yameisha, maharage yapondwe.
3. Atembee kila siku, hata mpaka kwa jirani. Msimnyang'anye kazi zote. Kumfanyia kila kitu si heshima, kunamwua miguu.
4. Mkae mbele ya uso wake mnapoongea, kwa sauti nzito na ya polepole. Kupiga kelele hakusaidii.
5. Mkienda kituo cha afya, bebeni dawa zote anazokunywa, pamoja na za kienyeji, na mumwache ajieleze mwenyewe kwanza.
6. Ondoeni mawe, kamba na mabidoni kwenye njia yake ya usiku.
7. Kila jambo jipya mwilini au akilini mwake, jiulizeni: limeanza lini? Kama limeanza ghafla, si uzee. Uzee haukimbii.

MASWALI YA KUZUNGUMZA JIONI

Kwa vijana: Je, unajua koko wako alizaliwa wakati wa tukio gani? Mara ya mwisho kumwomba shauri ilikuwa lini?

Kwa wazazi: Watoto wenu wanaona mnavyowatendea wazee. Mnataka wawatendee nini ninyi?

Kwa wakoko: Ni jambo gani mnalificha kwa kuogopa kusumbua? Tafadhali, lisemeni. Sisi hatuwezi kuuliza kila kitu.

Tarehe 1 Oktoba ya kila mwaka ni siku ya wazee duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Tungependa siku hiyo ikifika kambini, mbali na ngoma na hotuba, kila familia iwe imeshajua umri wa kweli wa mzee wake na imeshajibu swali la nani anambeba.

Muzee wetu tulimwomba ruhusa kabla ya kuandika habari hii. Alicheka, akauliza kama gazeti litafika Mahoko, maana huko kuna watu wanaodhani amekufa. Kisha akatwambia tuongeze jambo moja: kwamba ng'ombe alizokuwa anaziita usiku ule zilikuwa za kweli, zilikuwa saba, na majina yake anayajua yote. Tumeketi naye tukayaandika.

Tukutane mwezi ujao.

Sisi, wenzenu wa gazeti la familia